Mwanajiolojia aliyeandika habari za panya

Kitabu ninachokirudia kuliko vyote vya fani yangu kilichapishwa London mwaka 1900, na kinahusu kisiwa ambacho sijawahi kukikanyaga. Mwandishi wake, Charles William Andrews, alikuwa mwanajiolojia wa makumbusho, mtu wa visukuku. Mwaka 1897 alitumwa kwenye Kisiwa cha Krismasi, katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Java. Alikaa huko miezi kumi akarudi na maelezo ya karibu kila kitu alichokikuta: miamba, udongo, miti, ndege, kaa, konokono, panya. Miaka michache baadaye baadhi ya viumbe alivyovieleza havikuwepo tena duniani. Mimi kazi yangu ni kuandika hali ya ardhi kabla mgodi au barabara haijaingia. Ndiyo maana kitabu hiki hakitoki mezani kwangu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 135 hivi, na kiko kama kilomita 350 kutoka Java. Jina alikipa nahodha Mwingereza, William Mynors, aliyepita karibu nacho siku ya Krismasi mwaka 1643. Wengine walikuja baada yake, akiwemo William Dampier mwaka 1688, lakini hakuna aliyebaki. Ukitazama picha unaelewa sababu. Karibu pande zote kuta za mawe zinaanguka wima hadi majini, na bahari ni ya kina kirefu tangu ukingoni, hivyo nanga haipati pa kushika. Basi katika bahari hii, ambayo majahazi yameifuata pepo za msimu kwa zaidi ya miaka elfu, palibaki nchi kavu yenye msitu mnene isiyokuwa na mkazi hata mmoja hadi miaka ya 1880. Sisi wa upande huu tumezoea visiwa vyenye magofu: Kilwa, Songo Mnara, Tumbatu, Pate. Popote ukifukua kidogo unakutana na vigae vya mtu aliyekutangulia. Kule chini ya majani makavu kulikuwa na kaa.

Mabadiliko yalianza na mawe. Mwaka 1887 meli mbili za upimaji za jeshi la majini la Uingereza zilifika. Ya kwanza, Flying Fish, chini ya nahodha John Maclear, ilipata ghuba ndogo ambako hatimaye nanga ilishika, na ghuba hiyo inaitwa kwa jina la meli hiyo mpaka leo. Ya pili, Egeria, ya nahodha Pelham Aldrich, ilikaa siku kumi ikiwa na mtaalamu wa viumbe, J. J. Lister. Vipande vya mawe vilivyokusanywa vilimfikia John Murray, mwanasayansi wa bahari aliyekuwa ameshiriki safari kubwa ya kuchunguza bahari ya meli Challenger ya 1872 hadi 1876 na ambaye wakati huo alikuwa akihariri juzuu zake za ripoti. Murray alivipima akakuta fosfeti ya chokaa iliyo karibu safi kabisa.

Kwa mkulima wa Ulaya ya wakati ule hiyo ilikuwa mali. Mashamba yalikuwa yamechoka, na viwanda vilikuwa vimejifunza kuichanganya fosfeti na asidi ya salfa ili ipatikane mbolea ambayo mmea unaweza kuifyonza haraka. Murray aliihimiza serikali yake, na Juni 1888 Uingereza ikakitwaa kisiwa. Mwaka huohuo ukoo wa Clunies-Ross, uliokuwa ukivishikilia visiwa vya Cocos upande wa magharibi, ulipeleka watu wa kwanza kuishi pale ghubani. Mwaka 1891 Murray na George Clunies-Ross walipewa mkataba wa pamoja wa kukodi kisiwa kwa miaka 99, na mwaka 1897 kampuni ya fosfeti ikaundwa.

Hapo ndipo Andrews anapoingia. Murray, ambaye ndiye angefaidika na mgodi, alitaka kisiwa kichunguzwe kikamilifu kabla watu hawajakigeuza, na akajitolea kulipa gharama. Makumbusho ya Uingereza ikampa Andrews ruhusa ya kuondoka kazini. Nimelifikiria sana jambo hili, na sipendi kulipunguza kwa kusema kwamba Murray alikuwa mchimbaji mwenye dhamira mbaya, wala kwa kusema kwamba alikuwa msomi safi. Alikuwa yote mawili kwa wakati mmoja: alijua kabisa kwamba kampuni yake ingekiharibu kisiwa, na alitaka kwa dhati pawepo maandishi ya jinsi kilivyokuwa. Fedha ya kuandika na fedha ya kuchimba zilitoka mfuko mmoja. Hali hiyo ndiyo ninayofanyia kazi hadi leo, maana tathmini ya athari kwa mazingira hulipiwa na mwenye mradi.

Andrews alizaliwa mwaka 1866 na aliingia idara ya jiolojia ya makumbusho mwaka 1892. Kabla ya safari alikuwa akishughulika na mifupa ya ndege wakubwa wasioruka wa zamani, wakiwemo wale wa Madagaska. Alifika kisiwani mwishoni mwa Julai 1897. Makao yalikuwa nyumba chache pale ghubani; kwingine kote palikuwa msitu. Maji yalikuwa shida, kwa sababu mawe ya chokaa hunywa mvua yote na ni sehemu chache tu zenye vijito. Ilimpasa kupiga kambi ndani ya msitu, kupanda magenge, na kufuata njia zilizofyekwa na watu wa Ross waliokuwa wakitafuta fosfeti. Kaa wakubwa wanaokwea minazi, wa aina ileile inayolindwa kisiwani Chumbe, Unguja, walikuwa wengi mno, na tabia ya kaa hao ni kubeba chochote wanachokikuta kambini.

Sasa niseme alichokiona kwenye mawe, maana hiyo ndiyo sehemu inayonifurahisha zaidi.

Kisiwa kina umbo la ngazi. Ukitoka baharini unapanda ukuta wa kwanza, unafika kwenye uwanda mwembamba, halafu ukuta mwingine, uwanda mwingine, mpaka kwenye nyanda za juu zenye vilima. Kilima kirefu kuliko vyote kina mita 361 na kinaitwa kwa jina la Murray. Andrews alitambua kwamba kuta hizo za ndani zilikuwa pwani. Bahari ilisimama pale kwa muda, ikaula mwamba, matumbawe yakajenga fungu ukingoni, kisha ardhi ikainuka, na kazi ikaanza upya chini zaidi. Ukanda wetu wa pwani una historia ya namna hiyo kwa kimo kidogo: Mombasa imekaa juu ya matumbawe yaliyokufa na kubaki nchi kavu, na sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja pia. Kule imejirudia ngazi baada ya ngazi.

Chini ya matumbawe alikuta kitu cha zamani zaidi. Penye mmomonyoko palijitokeza mawe ya volkano, basalti nyeusi, na kati ya matabaka ya volkano palikuwa na mawe ya chokaa. Chokaa hiyo haikujengwa na matumbawe peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa maganda ya foraminifera, viumbe wa bahari wenye chembe moja tu, ambao baadhi yao walikua na kufikia ukubwa wa sarafu. Kila zama ina aina zake, hivyo anayezifahamu anaweza kusoma umri wa mwamba. Wataalamu wa London, Rupert Jones na Frederick Chapman, walizipitia sampuli zake, na ikaonekana kwamba kitovu cha kisiwa kilianza zamani sana, katika Tasiari, kipindi cha kijiolojia kilichofuata enzi ya dinosaria: volkano iliyopanda kutoka sakafu ya bahari, ikafunikwa na chokaa, ikalipuka tena, ikafunikwa tena, na matumbawe yakaja mwishoni kama kifuniko.

Jambo hilo liligusa ugomvi mkubwa wa karne ile. Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba visiwa vya matumbawe vya umbo la pete huundwa pale volkano inapozama polepole na matumbawe yanaendelea kujenga kuelekea juu. Murray alipinga. Tangu 1880 alisema hakuna haja ya kuzama: vilima vya chini ya bahari huweza kuinuka kwa kurundikana maganda ya viumbe hadi vifike kimo ambacho matumbawe yanaweza kuishi. Miaka ileile ambayo Andrews alikuwa msituni, Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, ilikuwa ikitoboa kisiwa cha Funafuti katika Pasifiki ili kuona kilichopo chini. Mwaka 1898 tundu lilifika kama mita 340 na bado halikugusa volkano. Kisiwa cha Krismasi kilikuwa na faida kwamba ardhi yenyewe ilikuwa imeinuka ikauonyesha ubavu wake, kwa hiyo mtu alihitaji nyundo na miguu tu. Ubavu huo ulionyesha volkano, kisha maganda mengi, kisha matumbawe, mpango ambao Murray angeupenda. Andrews hakuugeuza kuwa hoja ya kumfurahisha aliyemlipia safari. Aliandika matabaka kama yalivyo na akafafanua kisiwa hiki kimoja. Kuhusu visiwa vya pete, Darwin alikuja kuthibitishwa mwaka 1952, wakati mashine zilipotoboa Eniwetok zaidi ya mita 1,200 na kukuta basalti.

Jambo ambalo yeyote wa wakati ule asingeweza kulijua ni sababu ya kisiwa kuinuka. Leo tunajua sakafu ile ya bahari inasogea kaskazini na kuzama kwenye mfereji mrefu ulio mbele ya Java, na kabla ya kuzama inapinda na kufanya nundu. Kisiwa kinapanda juu ya nundu hiyo.

Na fosfeti? Andrews alieleza kwamba vilima vya juu, vilivyokuwa na fosfeti nyingi zaidi, hapo zamani vilikuwa visiwa vidogo vilivyochomoza kidogo tu majini, na ndege wa baharini walitua na kuzaliana hapo kwa makundi. Kinyesi chao kilioshwa na mvua, kikaingia kwenye chokaa, na chokaa ikageuka.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilifikiria Minjingu. Wakulima wengi wa kaskazini mwa Tanzania wanaifahamu mbolea ya Minjingu. Nyumbani kwetu mifuko yake ilikaa stoo pamoja na mahindi. Kilima cha Minjingu, kando ya Ziwa Manyara, kilikuwa kisiwa wakati ziwa lilipokuwa kubwa kuliko sasa, na ndege, hasa mnandi, walikitumia kama makazi. Kinyesi chao na mifupa ya samaki waliowala, pamoja na mifupa yao wenyewe, ndivyo vilivyozaa mwamba unaosagwa leo. Huko ni maji ya ziwa la Bonde la Ufa na huku ni bahari kuu, lakini kazi ya ndege ni ileile.

Ningeweza kuishia kwenye mawe, kwa kuwa ndiyo elimu yangu. Andrews hakuishia hapo. Aliandika habari za ndege wa baharini ambao leo wanazaliana pale peke yake. Mmoja wao, ndege mweusi mkubwa anayepora samaki angani, ana jina lake la kisayansi, Fregata andrewsi. Aliandika kuhusu kaa wekundu wanaoteremka kwa mamilioni kwenda kutaga baharini mvua zinapoanza. Aliandika kuhusu popo mdogo mla wadudu, akampa jina la Murray. Na aliandika kuhusu panya.

Panya wa asili walikuwa wa aina mbili. Mmoja, aliyepewa jina la nahodha Maclear, alikuwa kila mahali. Mchana hakuonekana, lakini jua likishazama msitu wote ulijaa sauti zake za manung'uniko na ugomvi. Panya hao hawakumwogopa mtu. Ukiwanyooshea taa walisogea kuitazama. Waliingia hemani wakapita juu ya waliolala na kupindua kila kitu wakitafuta chakula. Wa pili alikaa kwenye vilima, mzito, mpole, mwenye tabaka nene la mafuta mgongoni, akiishi kwenye mashimo kati ya mizizi. Andrews aliwaandikia wote wawili kwa uangalifu uleule aliowaandikia foraminifera: wanakula nini, wanalala wapi, wanatoka saa ngapi. Kirukanjia wa kisiwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayefanana na panya, naye alikuwa mwingi, na sauti yake kali ilisikika usiku pande zote.

Nawaza jinsi kazi hiyo ilivyoweza kuonekana ya kupoteza muda. Panya wanamwaga unga wako na wewe unawaandikia tabia zao.

Mwaka 1899 meli iitwayo Hindustan ilileta shehena, na ndani yake panya weusi wa kawaida, wale wa bandari zote za dunia. Hawakuhitaji kupigana na wenyeji. Walikuja na viroboto, na viroboto walikuja na kimelea cha damu, jamaa wa kile kinachosababisha malale kwetu Afrika. Panya wa kisiwa hawakuwa na kinga. Daktari Herbert Durham, aliyekuwa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1900, aliwaona wakitangatanga mchana kama walevi, wakifa njiani. Kwa muda mrefu hadithi ya kimelea ilibaki dhana, mpaka mwaka 2008 watafiti walipopima vinasaba kutoka kwenye ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Panya waliokusanywa kabla ya meli ile kufika hawakuwa na kimelea. Baadhi ya waliokusanywa baada yake walikuwa nacho. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokusanya panya wakati hakuna aliyeona haja ya kuwakusanya.

Watu nao walikufa. Kampuni ilileta vibarua kutoka China na Singapore, na mamia yao walikufa kwa beriberi katika miaka ya mwanzo, kwa kulishwa wali mweupe uliokobolewa usio na vitamini ya kutosha. Panya wana ngozi zao makumbusho zenye tarehe na jina la mkusanyaji. Vibarua wale, waliolibeba jiwe lililowatajirisha wengine, wengi wao hata majina yao hayakuhifadhiwa kwa uangalifu huo. Hilo linaniuma, na kitabu cha Andrews hakiwezi kulijibu, maana aliondoka Mei 1898, kabla kazi ya mgodi haijaanza.

Mwaka 1908 alirudi. Hakuna aliyemlazimisha; alikuwa na shughuli nyingine kubwa. Kati ya safari hizo mbili alikuwa amekwenda Fayum, Misri, akawaeleza mababu wa kale wa tembo. (Baadaye, mwaka 1911, mifupa iliyotoka Karungu, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ilimfikia naye akamwelezea mnyama mwingine wa ukoo huo wa tembo, akamwita hobleyi kwa heshima ya C. W. Hobley, afisa wa kikoloni. Mwanajiolojia yeyote wa Afrika Mashariki anayefuata visukuku vya Nyanza atakutana naye.) Lakini alirudi kisiwani, mahali palepale, miaka kumi baadaye, akatafuta. Panya wa aina zote mbili hakuwapata. Kirukanjia pia hakumpata, akaandika kwamba inaonekana ametoweka. Popo wake aliendelea kuishi karne nzima zaidi; sauti yake ilinaswa kwa mara ya mwisho Agosti 2009.

Ninaposoma habari ya safari hiyo ya pili nakumbuka ripoti nilizoshiriki kuandika. Sura ya hali ya awali huwa fupi kuliko zote. Kuna mradi mmoja ambao timu yetu ilipewa kipindi cha kiangazi tu, tukaandika kwamba vyura ni wachache, na kila mtu pale alijua kwamba vyura hawaonekani Agosti. Tulipoomba kurudi masika, mwenye mradi alisema ratiba haina nafasi. Ripoti ilipita. Sasa pale pana shimo na bwawa la tope, na maandishi rasmi ya mahali pale yanasema vyura walikuwa wachache.

Andrews alipewa misimu yote. Alipewa pia uhuru wa kuandika kila alichokiona, kikiwa na thamani sokoni au la, na matokeo yakachapishwa na makumbusho, si na kampuni, kwa hiyo yeyote anaweza kuyafungua leo. Mambo hayo matatu hayakuhitaji mashine wala fedha za kutisha. Murray, ambaye mgodi ulimtajirisha na ambaye alisema hazina ya Uingereza ilipata kutoka kisiwa kile zaidi ya gharama zote za Challenger, aliona mtu mmoja kwa miezi kumi ni gharama inayobebeka. Mimi namlaumu kwa mengi, lakini kwa hilo ninamtaja kwa wateja wetu kila nafasi inapopatikana.

Mgodi wa kisiwani bado upo, ingawa umewahi kufungwa na kufunguliwa tena na wafanyakazi wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu 1958 kisiwa kiko chini ya Australia. Takribani robo ya msitu ilifyekwa, na zaidi ya nusu ya kisiwa sasa ni hifadhi ya taifa. Watu wa hifadhi wanaojaribu kurudisha miti kwenye mashimo ya zamani wanahitaji kujua palikuwa na nini, na kitabu cha 1900 ni kati ya vitu vya kwanza wanavyoweza kukishika.

Mwezi huu ninaandika pendekezo la kazi katika bonde moja la kusini mwa nchi. Nimeweka kiangazi na masika, nimeweka panya na popo pamoja na miamba, na katika bajeti nimeongeza mstari wa timu kurudi baada ya miaka kumi, pamoja na sharti kwamba takwimu zote zikae chuo kikuu zikiwa wazi kwa umma. Mwenzangu ananiambia mstari huo utakatwa. Nimeuacha ulipo.